Gloria, Rodolfo na Talaka Zetu Zisizokwisha

Katika filamu ya Gloria kuna karamu moja ya kuzaliwa ambayo ningependa kila mtu aliyewahi kuachana na mwenzake aitazame kwa makini. Mwenye siku ni Pedro, mwana wa Gloria. Mezani wamo Gloria mwenyewe, watoto wake wawili ambao sasa ni watu wazima, Gabriel aliyekuwa mume wake, mke wa sasa wa Gabriel, na Rodolfo, mwanamume ambaye Gloria ameanza naye uhusiano majuzi tu. Divai inamiminwa, watu wanachangamka, kisha zinatolewa picha za zamani. Za harusi zimo. Gloria na Gabriel wanaziinamia, wanacheka, wanakumbushana, watoto wanadakia. Rodolfo amekaa pale pale na hakuna anayemjali. Baada ya muda kiti chake ni kitupu. Hakuaga. Wanamtafuta nyumba nzima kabla ya kukubali kwamba ameondoka.

Wengi niliozungumza nao kuhusu filamu hii humhukumu Rodolfo papo hapo: mwoga, mtu mzima mwenye tabia za kitoto, hana adabu. Sipingi. Lakini nadhani mwongozaji alitaka tuitazame meza yenyewe. Hawa ni watu ambao ndoa yao ilivunjika zaidi ya miaka kumi iliyopita, na bado picha zikifunguliwa tu kila mmoja anarudi kwenye nafasi yake ya zamani bila kuambiwa. Swali ambalo filamu inalifuata kuanzia hapo hadi mwisho, na ambalo sisi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi nzima ya Kenya tumelikwepa kwa muda mrefu, ni hili: ndoa ikivunjika, huwa inakwisha lini?

Filamu ilitoka mwaka 2013, kazi ya mwongozaji wa Chile, Sebastián Lelio. Paulina García, aliyeigiza kama Gloria, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin mwaka huo huo. Mwaka 2018 Lelio mwenyewe aliitengeneza upya kwa Kiingereza kwa jina la Gloria Bell, akamtumia Julianne Moore na kuihamishia Los Angeles. Hiyo ya pili ni nzuri, lakini naipendelea ya kwanza kwa sababu ya nchi ilikotoka. Chile ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho duniani kuruhusu talaka. Sheria ilipitishwa mwaka 2004. Kabla ya hapo, waliotaka kuachana walitumia hila ya kuomba ndoa ibatilishwe, mara nyingi kwa kudai kwamba msajili aliyewafungisha hakuwa na mamlaka juu ya eneo walilokuwa wakiishi. Yaani ili ndoa ikome, ilibidi watu wazima wasimame mbele ya hakimu na kuapa kwamba haikuwahi kuwapo. Gloria na Rodolfo ni watu wa kizazi hicho. Waliolelewa hivyo hawawezi kujua haraka jinsi ya kumaliza jambo, hata sheria ikishabadilika.

Gloria anakaribia miaka sitini. Ana kazi ya ofisini, ana gari, anaishi peke yake katika fleti jijini Santiago. Upweke wake hauonyeshwi kwa machozi, na hapo ndipo ninapoiheshimu filamu hii kuliko nyingi za aina yake. Tunamwona akiendesha gari huku akiimba nyimbo za mapenzi kwa sauti, maneno yote anayajua. Tunamsikia akiwaachia watoto wake ujumbe kwenye simu, akijitambulisha kwamba ni mama yao, halafu akiendelea kueleza habari ndogo ndogo ambazo hakuna aliyemwuliza. Juu ya fleti yake anakaa kijana mwenye msongo wa akili anayepiga kelele usiku. Paka wa kijana huyo, paka wa ajabu asiye na manyoya hata moja, hupenya hadi ndani kwa Gloria kila mara. Anamtoa, anarudi. Anamtoa tena. Kisha kuna siku anaenda kwa daktari wa macho na kuambiwa ana glakoma, ile tunayoiita presha ya macho, na kwamba atahitaji dawa ya matone. Filamu haifanyi tukio lolote kubwa kutokana na habari hiyo. Mimi niliitazama nikawaza tu ni nani atakayemkumbusha kuitia. Binti yake Ana, ambaye ndiye wa karibu, amepata mchumba wa Sweden, ni mjamzito, na anahama nchi.

Kwa hiyo Gloria huenda dansi. Santiago kuna kumbi ambazo watu wa umri wake, waliofiwa, walioachika, waliobaki peke yao, hukutana jioni wakacheza muziki wa ujana wao. Ndiko anakokutana na Rodolfo.

Rodolfo alikuwa afisa wa jeshi la wanamaji, amestaafu, na sasa ana uwanja wa michezo ambako watu hulipa kupigana kwa bunduki za rangi. Alikuwa mnene kupindukia, akafanyiwa upasuaji wa tumbo, akapungua. Mwili wake, kwa kweli, ndio uliokwisha kuanza upya. Ana talaka ya mwaka mmoja. Anampenda Gloria, hilo halina shaka. Kuna upole katika jinsi anavyomsikiliza ambao si wa kuigiza. Lakini simu yake haitulii. Binti zake wawili, watu wazima, pamoja na mama yao, wanamtegemea kwa kila kitu na humpigia saa yoyote, naye hupokea kila simu. Hajawaambia kwamba kuna mtu anayeitwa Gloria. Baadaye wanakwenda mapumzikoni Viña del Mar, mji wa pwani, na hata huko simu inawafuata: aliyekuwa mkewe ameumia. Gloria anaichukua simu na kuitumbukiza kwenye supu. Muda si muda Rodolfo ametoweka tena bila kuaga, vile vile kama siku ya karamu.

Tuliitazama Kisumu, mtaa wa Tom Mboya, sebuleni kwa rafiki yangu. Filamu ni ya Kihispania na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hivyo rafiki yangu alikuwa akimtafsiria kwa sauti mama yake aliyekuja kutoka Mumias kumtembelea. Simu ya Rodolfo ilipolia kwa mara ya tatu au ya nne, mama akauliza: “Huyu aliachana na mkewe kweli?” Tukamwambia ndiyo, mwaka mmoja sasa. Akatikisa kichwa. “Hapana, mwanangu. Huyo bado ni mume wa watu. Ametoka nyumbani tu.”

Sijasoma uchambuzi uliomwelewa Rodolfo vizuri zaidi ya huo. Na nadhani mama alimwona haraka kwa sababu yeye ni Mwislamu, na kwao talaka ina taratibu zinazojulikana. Kuna tamko, kuna eda yenye muda wake, kuna Mahakama ya Kadhi kwa wanaogombana, na eda ikishakwisha kila mtu mtaani anajua kwamba fulani ni huru. Sisemi kwamba wanawake wa Mumias hawaumii. Wanaumia, na wapo wanaonyimwa haki zao hata mbele ya Kadhi. Ila wana siku wanayoweza kuitaja na kusema, hapo ndipo ilipokwisha.

Sisi wengine tuna nini? Tuna sheria, kwanza. Katiba ya 2010, ibara ya 45, inawapa mume na mke haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjwa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja sababu za talaka: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, ndoa kuharibika kiasi cha kutorekebishika. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu kwa sababu tu watu walioana. Kila mmoja aonyeshe alichochangia, na kazi za nyumbani na malezi ya watoto ni mchango pia. Hayo ni muhimu na kila anayetoka kwenye ndoa anafaa kuyajua. Lakini wengi ninaowafahamu hawajawahi kukanyaga mahakamani. Waliachana kwa mwanamke kufunga mizigo asubuhi mume akiwa kazini, kukaa wiki mbili kwa dada yake Kondele, kisha kupanda matatu ya kuja Nakuru. Hakuna karatasi. Hakuna aliyetamka lolote.

Na kuna mila, ambayo huku kwetu ina nguvu kuliko hati yoyote. Kwa Waluo na kwa Waluhya wengi talaka hukamilika ng'ombe wa mahari wakirudishwa. Nani leo anarudisha ng'ombe? Walishauzwa wakalipa karo ya mjomba, wengine walichinjwa matangani, na palipo na watoto hurudishwa wachache au hawarudishwi kabisa. Basi mwanamke ataishi miaka ishirini Nakuru, ajilipie kodi, asomeshe watoto, na siku akifa simu itoke Ugenya au Butere: yule ni mke wetu, ng'ombe wetu wako kwao, mwili uletwe nyumbani. Pale ambapo mume hakuwahi kutoa mahari, wakwe humdai wakati maiti iko mochari, alipe kwanza ndipo aruhusiwe kumzika mwanamke aliyemkimbia zamani. Wazazi wa marehemu nao wamebanwa, maana mila haimkubali binti aliyeolewa azikwe ndani ya boma la baba yake. Akiletwa huko, kaburi lake huchimbwa nje ya ua.

Nataja mazishi makusudi. Mtu wa Santiago akiwa mpweke huogopa jioni na wikendi. Mwanamke wa huku aliyeachika huogopa hayo na zaidi, kwa sababu anajua kuna swali juu ya mwili wake ambalo halijajibiwa na ambalo yeye mwenyewe hataulizwa. Ataanzaje upya wakati mwisho wake bado uko mikononi mwa watu aliowaacha?

Nilikuwa na jirani hapa Nakuru, mtaa wa Shabab, aliyetoka kwenye ndoa yake Vihiga akiwa na miaka arobaini na kitu. Watoto walibaki kwa baba yao, wakubwa wakiwa shule za bweni. Alikuja na vyombo vyake, na sufuria yake ya ugali ilikuwa ile ya kulisha watu saba. Kwa miezi mingi alisonga ugali wa watu saba. Mkono ulikuwa umezoea kipimo kile cha maji na unga, na kila alipojaribu kupunguza, ama ulikuwa uji ama ulishika chini ukaungua. Uliobaki aliupeleka kwa soja wa getini, ambaye alizoea hadi akawa haji na chakula chake. Siku aliyonunua sufuria ndogo sokoni alibisha mlangoni kwangu kunionyesha, akaigeuza chini juu, akagonga kitako nisikie kwamba ni nzito. Niliona mtu aliyefanya uamuzi.

Akapata rafiki, mwalimu mmoja mjane kutoka upande wa Njoro, mtu mtaratibu. Walikwenda kanisani pamoja mara kadhaa. Kisha baba mkwe wake wa zamani akafariki, na simu ikaja: njoo, wewe ni mke wa boma hili. Alikwenda. Mzee alikuwa amemtendea wema wakati ambapo mumewe hakufanya hivyo, na mimi pia ningekwenda. Alipofika alikuta sare ya kitenge imeshonwa kwa vipimo vyake vya zamani. Alikaa na wakaza wana wenzake, akapika, akaomboleza. Kwenye kijitabu cha mazishi jina lake lilichapishwa kana kwamba hakuna kilichotokea, mke wa mwana wa pili. Picha zilipigwa, na shemeji zake wakaziweka kwenye WhatsApp jioni ile ile. Aliporudi Nakuru, mwalimu hakupokea simu zake tena. Hakumgombeza, hakumwuliza. Aliacha tu kupokea.

Sikumheshimu yule mwalimu kwa kunyamaza kwake. Lakini nilipoiona karamu ya Pedro na kile kiti kitupu nilimkumbuka, na nikaelewa alichokiona kwenye zile picha: mwanamke aliyedhani ni huru, amekaa katika safu ya wake wa boma la watu. Na jirani yangu hakuwa amemdanganya. Alikuwa huru kweli, kwa jinsi alivyoishi, kwa kodi aliyolipa, kwa ile sufuria. Ila hakuna mtu Vihiga aliyewahi kuuthibitisha uhuru huo, na siku ya haja ukaonekana si kitu.

Filamu inamwonyesha mwanamume asiyemaliza. Huku kwetu jamii nzima hairuhusu mtu amalize, na hapo ndipo ninapoona kwamba Gloria inatuhusu kuliko tunavyodhani. Tunaita hilo umoja wa familia. Tunasema watoto watateseka, tunasema damu ni nzito, tunasema nyumba haibomolewi. Mara nyingi tunachokilinda ni starehe yetu: hatutaki kupanga upya viti vya mazishi, hatutaki kubadilisha majina kwenye kijitabu, hatutaki kumweleza bibi kizee kwa nini mke wa fulani haji Krismasi.

Wanaume nao wanalipa, ingawa ni nadra kuwasikia wakisema. Zamani katika boma la Mluo kulikuwa na duol, nyumba ya mzee ambako wanaume walikula pamoja na kuzungumza, na mwanamume mwenye matatizo hakuachwa ale peke yake. Sasa mwanamume aliyeachika Kisumu anakula kibandani, anatazama mpira wa Uingereza kwenye baa hadi saa tano, na anarudi kwenye nyumba ambayo taa zake amezizima mwenyewe asubuhi. Akiulizwa anasema yuko sawa. Simu ikilia, na ni yule mama watoto anayetaka pesa ya gesi au kulalamika juu ya kijana aliyefukuzwa shule, anapokea mara moja. Watu humcheka kwamba bado anatawaliwa. Mimi nadhani mara nyingi hiyo ndiyo simu pekee anayopigiwa usiku. Rodolfo alinifanya niliwaze hilo. Anapoikimbilia simu yake si wajibu tu unaomvuta. Pale anahitajika, na anajua namna ya kuhitajika. Kupendwa na Gloria bila kuhitajika kwa lolote ni jambo asilolijua, na linamtisha.

Hata hivyo, filamu haimwachilii, nami simwachilii. Gloria pia ana watoto, ana mume wa zamani, ana kumbukumbu. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kukaa nao mezani kisha akarudi kwake. Yaliyopita hayamfanyi afiche mtu.

Jambo ambalo filamu inalipita haraka mno ni pesa. Gloria ana mshahara, ana nyumba, akitaka kwenda pwani anakwenda. Wanaotoka kwenye ndoa Siaya, Busia au Kakamega huanza na amana ya nyumba ya kupanga na karo ya muhula. Wengi huishia Naivasha, kwenye mashamba ya maua, ambako sehemu kubwa ya vibarua ni wanawake na wengi wao wametoka Nyanza na Magharibi. Ukipita Karagita jioni, saa ya watu kutoka kazini, utaona wanawake wakinunua unga wa kupima na kitunguu kimoja. Upweke wao una njaa ndani yake na una uchovu wa mgongo. Mtu anaweza kusema kwamba filamu ya mama wa Santiago anayeimba ndani ya gari haiwahusu. Nimelifikiria hilo na sikubaliani. Karagita pia watu huimba wakifua Jumapili, na wanawaachia watoto wao walio kijijini ujumbe wa sauti mrefu usio na habari kubwa. Umaskini haujawahi kumwondolea mtu hamu ya kuulizwa siku yake ilikwendaje.

Ninachokionea wivu katika filamu hii ni zile kumbi za dansi. Ni mahali ambapo mtu mzima huingia peke yake, bila kuwa mama wa fulani wala mke wa fulani, na hakuna anayeshangaa. Kisumu muziki upo. Usiku wa rumba umejaa watu wa miaka hamsini na zaidi wanaojua kila wimbo, na ohangla, ule muziki wa dansi wa Kiluo, haimbagui mtu kwa umri. Lakini mwanamke wa miaka hamsini na tano akiingia peke yake, akaketi, akaagiza soda, mhudumu atamwuliza anamngoja nani. Akijibu kwamba hamngoji mtu, meza ya jirani itaamua yenyewe amekuja kutafuta nini. Kanisani hali haiko mbali na hapo. Kwaya humpokea yeyote mwenye sauti, na Mungu azibariki kwaya. Vikundi vya akina mama ni habari nyingine. Vingine hadi leo huhitaji ndoa iliyobarikiwa madhabahuni, na aliyetoka kwenye ndoa hujikuta ametoka kwenye kikundi, sare, safari na ziara za Jumapili kwa pigo moja. Wakati anaowahitaji wenzake zaidi ndio wakati anaoondolewa.

Chama ndicho kilichobaki. Watu husema chama ni cha pesa, na pesa zipo, lakini nimeona chama cha wanawake wa plotini Free Area kikihamisha mkutano kwenda chumbani kwa mwanachama aliyekuwa hajatoka nje kwa siku kadhaa baada ya mumewe kumtumia ujumbe kwamba asirudi. Walifika na viti vyao, wakahesabu pesa zao mbele yake, wakapika chai kwa jiko lake. Hawakumwuliza kitu. Waliondoka saa mbili usiku, na mmoja akabaki kulala.

Kuhusu kisasi cha Gloria tuligombana sana mle sebuleni. Karibu na mwisho wa filamu anachukua bunduki ya rangi, anaendesha hadi nyumbani kwa Rodolfo na kumpiga risasi za rangi mbele ya familia yake. Rafiki yangu alishangilia. Mume wake alisema ni aibu kwa mwanamke wa umri huo. Mimi niliona kwamba ndiyo mara ya kwanza Gloria anaonekana na wale mabinti na mama yao. Rodolfo alikuwa amemficha, na sasa wote wanajua kwamba yupo, kwa rangi inayotiririka ukutani. Si njia nzuri. Ila kati yao wawili, mmoja hatimaye ametia alama mahali uhusiano wao ulipoishia, na ni yule yule aliyejua kumaliza tangu mwanzo.

Kisha kuna harusi ya watu, muziki unapigwa, na mwanamume mmoja anamwomba Gloria wacheze. Anakataa kwa heshima. Baadaye unapigwa wimbo unaobeba jina lake, anainuka, anaingia uwanjani na kucheza peke yake. Wapo waliosema ni mwisho wa huzuni: amebaki bila mtu. Mama wa Mumias alisema amechoka tu, atapata mwingine, bado ana miguu. Kwangu mimi kilicho muhimu ni kwamba aliulizwa, akajibu, na jibu lake likaheshimiwa. Yule bwana hakumvuta mkono, na hakuna shangazi aliyemnong'oneza kwamba umri unakwenda. Wanawake wetu wanaotoka kwenye ndoa hupewa njia mbili tu, kurudishwa au kuozwa tena, na zote mbili hujadiliwa na kikao ambacho wao hawamo.

Ndiyo maana naamini mazungumzo haya hayafai kuanzia kwenye mapenzi. Yaanzie kwenye ardhi. Mvulana wa Kiluo akikua hujenga simba, yaani nyumba yake ya ujana, ndani ya boma la baba, na hata akihamia Mombasa anajua ana mlango kwao. Msichana hana. Akirudi na masanduku, analala kwa mama yake kama mgeni na kila asubuhi anahesabiwa. Sheria ilishasema yake. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ikiwa Eldoret, katika kesi ya Rono, ilikataa mgawo uliowapa mabinti ekari chache kuliko ndugu zao wa kiume kwa hoja kwamba huenda wakaolewa. Lakini urithi husubiri mzazi afe, na anayerudi na masanduku hawezi kusubiri hadi hapo. Mzee aliye hai anaweza kukata kipande na kukiandika kwa jina la binti yake leo, akiwa na akili timamu, ndoa ya binti ikiwa bado nzuri na hakuna anayelia.

Nimeona boma moja kule Seme ambako hilo limefanyika. Baba amewajengea mabinti zake nyumba ya mabati ya vyumba viwili upande wa juu, karibu na mwembe, na ufunguo anao mama yao. Hakuna anayeishi humo kwa sasa. Mmoja hulala hapo akija kuona wazazi, na wakati wa mvua huhifadhiwa mahindi. Wazee wa ukoo walikuja kumwuliza mwenye boma ni mila gani hiyo. Aliwapa chai, akawaambia ni mabinti zake na ni mabati yake, wakaondoka. Kuhusu mahali mabinti hao watakapozikwa bado wanavutana, na mara ya mwisho nilipopita, yeye na ndugu yake mkubwa walikuwa hawasalimiani.